Tundu la Antena Nyuma ya Kabati

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijachelewa, maana nimewaficha watu wa nyumbani kwangu jambo moja tangu nyumba hii haijapakwa rangi, nalo ni kwamba chumba hiki nilimolala, ambacho kila mtu anaapa hakina tundu la antena ya televisheni, tundu kinalo, liko nyuma ya kabati la nguo, limezibwa kwa plasta, na aliyeamuru lizibwe ni mimi.

Usicheke. Najua wenzangu wanaokuandikia huungama nyumba ndogo na watoto wa nje, mimi nakuletea tundu. Nisome mpaka mwisho ndipo ucheke.

Mimi ni mkaguzi wa shule mstaafu, kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma ya darasa na kuandika makosa ya watu wengine kwa wino mwekundu, na niliifanya vizuri, waulize walimu, wale ambao bado wananisalimia. Sasa moyo umechoka, daktari ameniruhusu nirudi nyumbani kwa sauti ile laini wanayoitumia wakiwa wameishiwa dawa, nami nimelala chali natazama dari. Binti yangu mkubwa, ambaye ni mhasibu na hapendi kitu kikae bure, aliona ni aibu baba yake atazame dari, na zaidi alimhurumia mama yake, ambaye tangu niugue habanduki kando ya kitanda hiki na amekosa tamthilia yake kiasi kwamba anamwita jirani dirishani amweleze nani kaachwa na nani kaolewa. Basi akanunua televisheni pana kama mlango, akaitundika ukutani miguuni pangu, akachomeka umeme, kisha akabaki na waya wa antena mkononi, anazunguka nao chumbani kama mtu anayetafuta mahali pa kufunga mbuzi.

"Mama, soketi ya antena iko wapi?"

"Muulize mjomba wako," mke wangu akasema.

Na nyumba nzima, hata waliokuwa jikoni, wakaitikia kwa pamoja: "Kasahau!"

Hapa lazima nikueleze. Kasahau ni kaka wa mke wangu, shemeji yangu, fundi umeme, ndiye aliyetandaza nyaya zote za nyumba hii, na hilo si jina alilopewa na wazazi wake. Alilipata hivi. Tulipokuwa tunajenga, mke wangu hakuomba kitu, hakuchagua bati wala vigae wala rangi, yote nilichagua mimi, ila alimwambia kaka yake pembeni amwekee tundu la antena chumbani, ili akitoka kazini ajinyooshe atazame televisheni kwa raha zake. Shemeji akaliweka. Nililiona mwenyewe, kiboksi kizuri, kimenyooka, waya umekunjwa ndani yake na ncha ya pili imepandishwa darini. Jioni alipoondoka nilimwita fundi wa plasta nikamwambia hapo pazibwe. Akaniuliza, "Mzee, hii si ya antena?" Nikamjibu, "Nyumba ya nani?" Akaziba. Shemeji alikuwa amepata kazi mji mwingine, na aliporudi kuta zimepakwa rangi, dari imefungwa, na mke wangu amesimama katikati ya chumba ameshika kiuno, anapapasa ukuta, anasema, "Kaka yangu kasahau."

Nataka uelewe kwamba mimi sikusema amesahau. Aliyesema ni dada yake. Mimi nilinyamaza tu, na shemeji alipokula kiapo kwamba aliliweka, akaomba afungue ubao mmoja wa dari atuonyeshe waya, nilimwambia kwa upole kabisa, "Shemeji, hatuwezi kubomoa dari mpya kutafuta waya ambao hata wewe huna hakika nao." Akanitazama. Akafikiri. Akasema, "Nina hakika." Nikamuuliza, kama nilivyokuwa nikiwauliza walimu, "Hakika kabisa?" Na hapo ndipo nilipoona shaka ikimwingia usoni.

Basi jina likamganda. Watoto wangu walijifunza kumwita Mjomba Kasahau kabla hawajajua kufunga viatu. Harusini kwa binti yangu mshereheshaji alisimulia kisa kizima kwenye kipaza sauti, na shemeji akainuka akapunga mkono, akacheka kuliko wageni wote. Lakini watu wa mtaani nao walicheka, kisha wakaanza kuulizana kama fundi anayesahau tundu la dada yake mwenyewe hatasahau kufunga waya wa moto kwenye bafu la mtu, na kidogo kidogo kazi za nyumba zikamkimbia. Siku hizi anatengeneza pasi na redio kwenye kibanda, na akimaliza kila pasi anaikagua upya, anaifungua tena, anaifunga, anaifungua, mpaka mwenye pasi anakasirika.

Turudi chumbani. Mkwe wangu, mume wa huyo binti, ambaye hakuna fani asiyoijua kwa kuwa ana simu, alisema mambo ya waya yamepitwa na wakati, akaleta antena ndogo ya ndani yenye masikio mawili kama sungura. Akaiweka juu ya kabati: chenga. Kwenye droo: chenga. Dirishani picha ikaja, lakini ikaja tu pale yeye mwenyewe aliposhika sikio moja la antena na kuinua mguu wa kushoto, kwa hiyo mke wangu alitazama nusu ya tamthilia huku mkwe wetu amesimama kama kiango cha nguo, naye mama anamsihi, "Mkwe, usishushe mguu, wanakaribia kupatana." Kesho yake wakavuta waya kutoka sebuleni, ukapita koridoni, ukapita chini ya mlango. Matokeo yake mlango haufungi, mimi naogeshwa huku wageni wananisalimia kutoka koridoni, na mke wangu amejikwaa kwenye huo waya na bakuli la uji, akaangukia goti. Goti limevimba mpaka sasa.

Ndipo wakamwita Kasahau mwenyewe, atoboe ukuta wa sebuleni kwa drili apitishe waya. Alikuja na sanduku lake. Watoto wakamshangilia: "Mjomba, usisahau drili!" "Mjomba, kaandike mkononi, tundu, tundu!" Akawajibu, "Nyie chekeni, nikiwatobolea kichwa kwa bahati mbaya mtasema nilisahau ni ukuta." Wakaangua kicheko. Kisha akasimama mbele ya kabati, akagonga ukuta kando yake kwa vifundo vya vidole, akaweka sikio, akagonga tena. Akasema polepole, kama anayejisemea, "Mbona mimi naona kama nilipitisha bomba hapa."

"Kaka, usianze," mke wangu akasema.

"Sianzi. Nauliza tu." Akanigeukia. "Shemeji, wewe ndiye ulikuwa unasimamia. Niambie tu ukweli, mimi si mtoto. Hivi nilisahau kweli?"

Mshauri, watu wote walinitazama. Na mimi nina kikohozi, ambacho, Mungu anisamehe, huja kinapohitajika. Nikakohoa. Wakanikimbilia na maji, wakaniinua, wakanigonga mgongo, na yeye ndiye aliyenishikia kikombe.

Ameahidi kurudi Jumamosi kutoboa, kwa sababu siku ile alipima, akafuta alama, akapima tena, mpaka giza likaingia. Naandika haya nikiwa nimeegemea mto, mke wangu anadhani naandika wosia, kwa hiyo anatoka na kufunga mlango kadiri unavyofungika, na watoto wangu ghafla wamekuwa wananiletea matunda. Swali langu ni hili: je, nikifa na siri hii nitakuwa nimekosea? Maana sababu za kuliziba tundu nilikuwa nazo. Kwanza, chumba cha kulala ni cha kulala, hilo nimelihubiri katika mikutano ya wazazi miaka yote. Pili, usalama wa nyaya karibu na kitanda ni jambo la kuangaliwa. Tatu, mwenye nyumba anapaswa kushauriwa. Na upande wa pili, jina la Kasahau limeshazoeleka, hata mwenyewe analiitikia, je, si kumvuruga mtu mzima bure kumwambia sasa? Mke wangu husoma safu yako kwa sauti kila wiki, akiwa amekaa hapa hapa. Nakuachia uamuzi wa nini uchapishe.

Mimi Mkaguzi Mstaafu

MSHAURI ANAJIBU

(Jibu hili nililipeleka kwanza kwa mkono, maana drili haisubiri gazeti.)

Mzee wangu, shikamoo. Naanza na heshima yote niliyo nayo, kwa sababu huko chini itapungua.

Pole kwa ugonjwa. Nasema kwa dhati. Nimewahi kukaa kando ya kitanda kama hicho na najua mtu akilala chali siku nyingi dari humrudishia mambo. Pole pia kwa kuogeshwa mlango wazi, ingawa hilo, mzee, umejitakia kwa kibali chako mwenyewe cha ujenzi.

Sasa tukae sawa. Umeniuliza kama utakuwa umekosea ukifa na siri hii. Hapana, mzee, umeshakosea ukiwa hai, kufa hakuongezi wala hakupunguzi. Unasema hukusema uongo, ulinyamaza tu. Mwanafunzi angekupa jibu hilo ungemchora mstari mwekundu mpaka karatasi ichanike. Ulimtazama fundi aliyekuwa na hakika, ukamuuliza "hakika kabisa?" kwa ile sauti yenu, na ukaipata shaka uliyoitaka. Mwizi angeiba waya akaondoka zake. Wewe uliiba kumbukumbu ya mtu, na kila sikukuu ukakaa mezani unamwangalia anavyoitafuta.

Eti jina analiitikia mwenyewe! Alitakiwa aitikie nini, mzee? Mkaguzi? Mtu anayeifungua pasi aliyokwisha kuitengeneza, akaifunga, akaifungua, huyo hajazoea jina. Huyo anakagua kichwa chake kila siku kuona kama bado kinafanya kazi, na majibu unayo wewe, umeyalalia.

Umefikiria habari ya mkeo? Aliomba kitu kimoja katika nyumba nzima. Akanyimwa, akamlaumu ndugu yake wa tumbo moja, na leo ana goti lililovimba kwa waya unaopita chini ya mlango, naye anachuchumaa kukuogesha wewe.

Na hili la kunipa mimi "uamuzi wa nini nichapishe" nimelielewa, sikuzaliwa jana. Ulitaka mama wa watu afungue gazeti, asome kwa sauti, agundue katikati ya sentensi, na wewe ukohoe. Hapana. Mimi si kikohozi chako. Sichapishi hata nukta mpaka uniletee habari kwamba umesema kwa mdomo wako.

Fanya hivi. Jumamosi shemeji akifika, kabla hajachomeka drili, mwambie mkeo na bintiyo wasogeze kabati. Waambie watoto wote waingie, maana walicheka wote, na waje wasikie wote. Sema: "Hukusahau. Mimi ndiye niliyeziba." Maneno hayo tu. Usianze na historia ya televisheni na malezi. Kama kikohozi kikija, kohoa, kunywa maji, kisha endelea pale ulipoachia. Halafu huyo mkwe wako mwenye simu afanye kazi ya maana: awaandikie majirani na wale wote waliokuwa harusini, kwa jina la nyumba yenu, kwamba fundi alifanya kazi yake sawasawa.

Jambo la mwisho. Sababu zako tatu nimezisoma. Ni nzuri, zimepangwa vizuri, na hata moja si ya kweli. Mtu mwenye sababu nzuri huziba tundu mchana, mwenye tundu akiwapo. Wewe ulingoja jioni. Ile ya kweli haimo katika barua yako, na usidhani mkeo hataiuliza.

BARUA YA PILI

Mpendwa mshauri, nimefanya, na unaweza kuchapisha.

Jumamosi shemeji aliingia, watoto wakaanza nyimbo zao, nikawaambia wanyamaze, nikawaambia wasogeze kabati. Mke wangu akasema, "Kabati la nini tena, mzee? Vumbi hilo litakukohoza." Nikasema, "Sogezeni." Wakasogeza. Nikamwambia shemeji, "Hukusahau. Gonga hapo, usawa wa swichi. Mimi ndiye niliyeziba."

Hakuna aliyecheka. Mkwe wangu alishusha simu. Shemeji hakugonga, alichukua bisibisi akachokoa taratibu, plasta ikamomonyoka, kiboksi kikatokea, na ndani yake waya, umekunjwa vile vile, ncha imefungwa utepe mweusi. Akaugusa kwa kidole. Akakaa chini sakafuni, mtu mzima, na miguu ameinyoosha.

"Niliufunga utepe," akasema. "Nilikuwa nakumbuka utepe. Nikasema labda ni wa nyumba nyingine."

Mke wangu akamwendea akichechemea. "Kaka."

"Usinililie, nguo yangu ya kazi hii ina grisi." Kisha akanitazama, na nilidhani atanitukana, nikaomba moyoni anitukane. Akasema, "Shemeji, mimi nimekwenda hospitali kupima kichwa. Unajua? Nilikwenda peke yangu, sikumwambia hata mke wangu. Nilidhani naanza kuchanganyikiwa kama baba yetu. Na wewe, nilipokuambia nasahau, ulinishauri nile samaki."

Ni kweli, nilimshauri ale samaki.

Binti yangu alitoka nje. Alirudi macho mekundu, akauokota waya wa antena, akampa mjomba wake bila kunitazama, akasema, "Mjomba, unganisha basi, mama atazame." Hakusema Kasahau. Shemeji akauweka waya chini kando ya sanduku.

"Siunganishi," akasema. "Kwanza aseme kwa nini."

Nikaanza: unajua, chumba cha kulala kwa asili yake...

"Mkaguzi," mke wangu akasema, "usinisomee ripoti." Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, goti lake limenielekea. "Nimekuosha asubuhi hii. Nimekukata kucha. Niambie kama mtu. Nilikukosea nini?"

Hukunikosea, nikamwambia. Siku ile kaka yako alipoweka tundu, nilipita kwenye nyumba bila kutarajiwa, kama nilivyozoea kuingia madarasani. Vyumba havikuwa na milango. Nikawasikia kabla sijawaona. Wewe ulikuwa umejilaza juu ya mifuko ya saruji, umenyoosha kidole ukutani kana kwamba una rimoti, na kaka yako amesimama pale itakapokaa televisheni, kila ukibonyeza anageuka mtu mwingine, mara msoma habari, mara refa, mara mama mkwe anayelia msibani, na wewe unacheka umeshika tumbo, unamwambia, "Ngoja, ngoja, rudisha ile ya refa." Mafundi wote wanacheka. Nilisimama pale kwenye uwazi wa mlango na mkoba wangu. Mliponiona mkanyamaza, ukainuka, ukajipangusa vumbi, ukaniuliza kama nitakula.

Nililiziba kwa sababu sijawahi kumchekesha mke wangu namna ile, hata siku moja.